Mlango wa Chumba cha Mama

Jirani yangu fundi cherehani akiwa na wasiwasi hubana pini midomoni, hata pasipo na nguo ya kushona. Asubuhi ile, kwenye foleni ya vibali vya ujenzi, niliijua hali yake kabla hajanisalimu. Mchora ramani hakumtafuta. “Nakata suti mimi, nitashindwa na chumba kimoja?” aliniambia, kwa ile sauti yake inayopenya kando ya pini. Ramani aliichora mwenyewe, kwenye karatasi ileile ya kaki anayochorea nguo za wateja, na chaki ya bluu ilikuwa bado imemganda kwenye kucha. Foleni ikisogea aliikunjua, akaipitishia kidole gumba, akaikunja tena, mpaka mkunjo ukaanza kuchanika. Mama yake analala kwenye kochi sebuleni tangu magoti yakatae ngazi.

Afisa aliigeuza ramani huku na huku. “Dada, mlango gani huu? Mbona mpana kama wa gereji?”

Akatemea pini kiganjani. “Nimempima mama, nikajumlisha na mimi nikiwa nimemshika.”

“Chumba kinapimwa kwa kiwanja, si kwa mtu.”

“Kwani atakayelala humo ni kiwanja?”

Lilimtoka tu. Papo hapo akaziba mdomo, macho yamemtoka pima. Afisa hakucheka. Alishika mhuri, akauweka chini, akautazama tena ule mlango. Jirani yangu akanikamata mkono kwa nguvu, pini zote zingali kiganjani mwake. Sikuutoa.