Kabati la Taulo

Chizue Orikasa alikuwa amewanyoa wanaume wa Kushiro, kaskazini mwa Japani, kwa miaka thelathini na moja, na hakuwahi kumtoa mtu damu mpaka asubuhi ile ya ukungu wembe ulipomchana Mzee Kudo sikio. Mzee alijishika, akatazama kidole chake chekundu, kisha akamtazama Chizue kwenye kioo.

"Bi Chizue, ulitaka kuniachia moja tu?"

Alicheka, lakini pua yake ilikuwa imeshanusa, na Chizue alijua imenusa. Alimfunga bandeji, akamsindikiza, akafunga saluni. Akaketi, akasimama, akaketi tena. Mikono haikutulia mpaka alipoipa ilichokuwa ikidai: vikombe viwili vya sake, ile pombe ya mchele, nyuma ya pazia la stoo.

Mumewe, Morio, aliyefanya kazi kiwanda cha barafu bandarini, alizipata habari kabla ya mchana. Kesho yake akampeleka kliniki.

Daktari alitoa dawa ya maji. "Hii haiondoi hamu," alisema. "Inatisha tu. Ukinywa pombe juu yake, utajuta."

Kila asubuhi Morio alimmiminia, akasimama kumkagua.

"Fungua mdomo, mama Rie."

"Mimi mgonjwa au mfungwa?"

"Fungua."

Wiki sita hakugusa tone, lakini alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alifagia saluni mara nne kabla ya mteja wa kwanza, akanoa mikasi iliyokwisha kunolewa, akatoka kununua tofu ya mchuzi akarudi bila tofu. Wiki ya saba akanywa juu ya dawa. Uso ukawa mwekundu kama kaa aliyechemshwa, moyo ukamwenda mbio, akajilaza kwenye sakafu ya bafu akiamini anakufa. Alipopona, daktari alimwelekeza kwa wanawake wanaokutana kila Jumanne kusaidiana kuacha pombe.

Hao walikutana chumba cha nyuma cha kanisa. Hawakuulizana majina, kila mmoja alijipa la kupanga. Chizue akajiita Mkasi. Mwenzake aliyejiita Plamu alisimulia alivyokuwa akificha sake ndani ya chupa ya siki. Hakuna aliyemshauri wala kumkemea. Walisema asante, mwingine akaanza. Chizue alitoka pale mwepesi. Kasheshe ilikuwa nyumbani.

"Mmeongea nini?" Morio aliuliza.

"Ya pale yanabaki pale."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako."

Morio alinuna siku tatu. Kisha akaleta habari za chama kingine alichokisikia bandarini, cha waacha pombe wanaokwenda na wake au waume zao, na kutaja majina yao kamili mbele ya wote.

"Majina kamili! Humu Kushiro? Nusu yao nimewanyoa!"

"Basi huna wa kumficha."

Jumamosi mchana walikwenda. Mwenyekiti, mvuvi mstaafu aitwaye Hachiya, alimwalika Chizue aseme. Alitaja jina lake, akaketi. Ndipo Morio akasimama, na Chizue akajiandaa kushtakiwa: sikio la Mzee Kudo, sakafu ya bafu, yote.

"Naitwa Morio Orikasa," alisema, akiikunjakunja kofia yake. "Zile pakiti za sake kwenye kabati la taulo, niliziweka mimi. Miaka mitano. Akikosa anazunguka nyumba nzima, na mimi nataka kutazama besiboli. Basi nikawa naweka. Akipata, anatulia."

Miaka mitano Chizue alikuwa akikuta pakiti asizokumbuka kuzinunua, na kila akiikuta moja alijiona anaelekea kurukwa na akili. Alinyanyuka, akatoka.

Alitembea mpaka darajani, Morio nyuma yake hatua kumi, akiogopa kumkaribia.

"Nilidhani akili inanitoka, baba Rie! Nilidhani nakuwa kama mama yangu!"

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungesema!"

"Nilikuona unavyohangaika, nikanyamaza. Sina la kujitetea."

Alimtupia mkoba. Ukampiga kifuani, ukaanguka. Morio akauokota, akaendelea kumfuata. Walizunguka mji hivyo hivyo, wakapita maduka matatu yanayouza pombe. Kila duka Chizue alipunguza mwendo, na kila duka akapita. Hasira tu ndiyo iliyomvusha siku ile.

Kesho yake alimnyang'anya Morio chupa ya dawa. "Nitajimiminia mwenyewe. Wewe shika yako." Jumanne ikabaki yake peke yake, bila maswali. Jumamosi walikwenda wote wawili, Chizue akikaa mbali na mumewe. Februari theluji ilipofunga barabara na mikutano ikaahirishwa, aliacha dawa siku tatu, akanywa pombe. Alilisema Jumanne kwa jina la Mkasi, kisha Jumamosi kwa jina lake mwenyewe, na la Jumamosi lilimchoma zaidi.

"Kipi kinakusaidia?" daktari aliuliza.

"Dawa inanivusha asubuhi. Wale wanawake wananipa pa kusemea. Jumamosi inaniudhi."

"Basi achana na Jumamosi."

"Siachi. Kule ndiko mume wangu anakosema kweli."

Sasa ni miezi kumi na moja tangu theluji ile. Amerudi kushika wembe. Lakini kukaa kikao kizima bado hawezi. Wenzake wanasimulia, yeye anazunguka na birika la chai, na Bwana Hachiya amechoka kumwambia aketi. Juzi mwanamke mgeni alimshika mkono.

"Dada, hali hii ya kutotulia inaisha lini?"

"Yangu haijaisha," Chizue alisema, akiliweka birika chini. "Vaa koti, tutoke tutembee kidogo."