Nukta Moja Kwenye Ukuta wa Mama

Kila nilipompigia simu kutoka chuoni, mama alinijibu kwamba macho yake ni mazima. Hospitali ilimpa tarehe ya kurudi. Akaniambia daktari mwenyewe amesema hakuna haja tena. Nilimwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini. Ningejua vingine, ningelazimika kuacha masomo na kurudi Kigoma.

Likizo ile nilifika nyumbani kwetu Buzebazeba, pale Kigoma, na kioo cha kujivunia, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kusema kweli vilikuwa vioo viwili vilivyobanwa pamoja, katikati mna fuwele kioevu, kitu kile kile kilichomo kwenye kioo cha kikokotoo. Ukikipitishia umeme, fuwele zinajipanga kwa mistari, na mwali wa mwanga unaopita unagawanyika. Ongeza umeme, punguza umeme, mwanga unakutii. Nilihangaika nacho miaka miwili, na mtu niliyetaka akione kabla ya majirani wote ni mama.

Baada ya chakula cha mchana nikafunga dirisha, nikamkalisha mkekani, nikaegemeza kitochi cha leza juu ya kigoda kielekee ukutani, na kile kioo changu mbele yake.

"Sasa hivi ni nukta moja," nikamwambia. "Nikiwasha umeme zinakuwa tano." Nikabonyeza swichi. "Haya, mama, unaonaje?"

"Zinapendeza, mwanangu. Zimejipanga zote tano."

Nikageuka kuzitazama. Ukutani palikuwa na nukta moja. Waya ulikuwa umechomoka kwenye betri.

Mimi ni mwepesi wa hasira, na hasira ndiyo iliyotangulia. Nikakumbuka dagaa wenye mchanga tuliokula jana yake, walioandaliwa na mama yule yule ambaye wateja wa Ujiji walimfuata kununua dagaa kwa usafi wake. Nikakumbuka mlangoni, nilivyosimama mbele yake na mabegi, naye hakunijua mpaka nilipomwamkia. Vyote niliviona, nikavipita.

"Mama, mbona unanidanganya? Ni moja tu."

Alikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Kisha akauliza taratibu, kama anayeomba radhi:

"Na hiyo moja iko upande gani?"

Nilimshika mkono, nikamwinua, tukaenda hadi ukutani. Nikakiweka kidole chake penye mwanga, na ile nukta nyekundu ikatua juu ya ukucha wake.

"Hapa," nikasema, nikaanza kulia.