Simu Ililia Baba Hajamaliza

Nakumbuka Jumapili moja mchana, mwanangu, risasi zilikuwa zimenyamaza mjini Bunia, lakini bado tulilala mabegi yakiwa yamefungwa. Nilikuwa msichana, na simu yangu ya kwanza haikubanduka mkononi. Ikilia, naitazama. Nilijidanganya kwamba ni kwa usalama wetu, maana onyo la kukimbia pia lilifika kwa simu. Uongo mtupu. Niliipenda tu.

Baba aliketi nami uani kwetu, mtaa wa Bigo, akaokota kijiti, akaanza kuchora chini. Tulipokimbia vita kutoka kwetu Fataki, kaka yangu Faustin alifia njiani, na baba alimzika peke yake. Miaka yote hakutaka kulizungumza. Siku hiyo alichora njia ya kwenda kaburini, akachora kijito, akasema, "Ukisha kuvuka mayi, unaacha barabara, unashika mukono ya kuume..."

Simu ikalia. Nikaitupia jicho, mara moja tu.

Nilipoinua uso, baba alikuwa anafuta mchoro kwa mguu.

"Weye iko naandikia nani?"

"Hapana mutu, papa. Ni kampuni ya simu, iko nauzisha unités ya kupigia."

"Ile kitu iko na masikio. Tutasema siku ingine."

Sikumlaumu kwa kushuku. Aliwahi kuona majirani wakichongewa kwa maneno madogo kuliko hayo. Nikaizima simu mbele yake, nikambembeleza, nikalia. Akasema kesho. Kesho ikawa keshokutwa, kisha homa ikamchukua kabla mwezi haujaisha.

Njia zilipofunguka nilikwenda Fataki na mama. Tulivuka kijito, tukashika kuume, na mbele yetu likawa shamba zima la majani. Mama akaniuliza, "Sasa ni wapi?" Maneno ya baba yalikuwa yameishia hapo. Tuliomba tumesimama palepale, tukiogopa kumkanyaga Faustin. Naona aibu mpaka leo.

Ndiyo maana siiamini simu yako hiyo, mwanangu, hata inapolia kwa upole. Jiulize: anayekuita ni nani, na anakutoa kwa nani? Mtu akianza kukuambia jambo zito, ipeleke chumba kingine. Usiilaze tu kifudifudi, hila hiyo naijua. Tangazo litakungoja hata wiki nzima. Mzee wako huenda asingoje.

Mungu akuzungushie watu wa kukusimulia, na akupe utulivu wa kuwasikiliza mpaka wamalize.