Alama Niliyoikwangua Kiganjani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa aproni ya plastiki, ndoo na ufunguo. Aliyenipa ni muuguzi mkuu wa hospitali ya Mocímboa, enfermeiro-chefe kama tulivyomwita, Mmakonde wa bara, mtu mfupi asiyecheka ovyo. Alinipeleka nyuma ya jengo, akafungua chumba chenye meza mbili za saruji na mfereji katikati ya sakafu. Akaniambia, "Selemane, humu hakuna mgonjwa atakayekulalamikia. Kwa hiyo itabidi ujilalamikie mwenyewe." Sikumwelewa. Mimi nilikuwa nimeomba kazi ya bustani.

Watu hudhani kazi ya chumba cha maiti inataka moyo mgumu. Inataka zaidi usafi na kuandika. Maiti akiletwa unamfunga kikaratasi kwenye kidole cha mguu, unaandika jina, saa aliyofika na jina la aliyemleta. Unamlaza kichwa kikiwa juu kidogo, damu isimjae usoni, maana usoni ndipo ndugu watakapotazama. Tulikuwa na jokofu la kuhifadhia maiti, nalo liliharibika kabla sijazoea sauti yake. Tangu hapo tulitumia barafu ya samaki. Niliileta kwa mkokoteni kutoka pwani, nikaifunika kwa pumba za mbao, na maiti aliweza kukaa siku mbili bila kuharibika, hata tatu wakati wa baridi.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya cha Mucojo, ambako nilikuwa mfagiaji, mlinzi na msaidizi wa mkunga kwa mpigo. Kisha nikarudishwa hospitalini, kwa mkurugenzi mpya. Senhor Diretor huyu alitoka kusini, mpole, msafi wa viatu hata masika. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na swali moja la kwanza kila maiti anapoingia: "Selemane, aliyemleta anasemaje?" Na alichosema aliyemleta, mara nyingi ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi ya kifo kuwa sababu. Ninyi vijana mnaoshika kazi hii sasa mtashangaa, lakini autópsia, yaani kumfungua maiti ili kujua kilichomwua, nilikuwa nimeisikia zaidi kuliko kuiona. Daktari mwenye kazi hiyo alikaa Pemba, na sisi tulikuwa mbali na Pemba.

Nilikuwa na kazi ya pili, nayo haina mshahara wala mkurugenzi. Nilikuwa mwosha maiti wa mtaa wetu. Nilifundishwa na baba yangu mdogo, shehe mwenye mikono myepesi sana, upande wa kulia kwanza, maji ya majani ya mkunazi, mwisho maji yenye karafuu maiti. Alinifundisha pia kufunga mdomo. Utakachokiona juu ya mwili wa mtu, kovu, kilema, uvimbe, kinaishia pale pale. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nilijivuna kwa hilo. Watu walinipenda kwa sababu nilijua mambo ya nusu ya mji na sikusema hata moja.

Sasa nifike kwa Amade.

Amade alikuwa kijana wa Quiterajo, mwenye mke na binti mdogo ambaye meno ya utotoni yalikuwa hayajaanza kung'oka. Alishika pampu kwenye tishali la kampuni moja ya kandarasi iliyokuja kuongeza kina cha bahari karibu na ufuo. Kampuni yenyewe iliondoka zamani na jina lake halina faida kwenu. Asubuhi moja walimleta wamemvika nguo kavu. Alikuja nao daktari wao, na karatasi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa kabla hata sijatafuta kalamu. Ilisema alishikwa na kifafa, akaanguka majini, akazama. Senhor Diretor aliuliza swali lake, akajibiwa, akatia muhuri.

Mama yake, Bi Mwanacha, alifika saa nne. Hakulia mbele yetu. Alisimama mlangoni pa chumba changu pamoja na wajomba watatu wa marehemu, akaniambia, "Selemane, mwanangu hajapata kuanguka, hata utotoni. Nataka daktari mwingine amtazame. Asiyekula kwa hawa."

Nikamwambia daktari huyo yuko Pemba, na kuja kwake ni siku mbili.

"Barafu ipo pwani," akasema.

"Barafu ya samaki, Bi Mwanacha? Umlaze mwanao kwenye barafu ya samaki, halafu apasuliwe? Maiti hacheleweshwi."

Nilisema hivyo mimi, niliyekwisha kuwalaza watu wengi kwenye barafu hiyo hiyo. Wajomba waliinamisha vichwa kukubali, maana mimi ndiye niliyekuwa mjuzi, nyumbani na hospitalini. Bi Mwanacha alinitazama, akasema, "Kifafa si cha mtu mmoja. Watu watasema ni cha ukoo. Amade ana binti." Nilimsikia vizuri. Lakini niliona ni maneno ya mama mwenye uchungu, nikachukua ndoo.

Nilimwosha Amade kwa mikono yangu, wajomba wakimwaga maji. Aliyekufa maji huja na povu jeupe mdomoni na puani, ukilifuta linarudi. Amade hakuwa na povu. Nikasema moyoni, labda walimfuta vizuri. Nilipofika mkono wa kulia, nikaona chini ya kidole gumba doa dogo la mviringo, jeusi katikati, lenye ukingo mweupe ulioinuka. Mtu wa pampu, mtu wa tishali, nikajua ni lami. Nikapaka mafuta ya nazi, nikachukua kumbi la nazi, nikasugua. Halikutoka. Nikakwangua kwa kucha, kwa upole, huku nikimwomba radhi kama tunavyofanya, mpaka ngozi ya pale ikatoka pamoja na doa. Ngozi ya aliyekaa majini huwa laini, kwa hiyo sikushtuka. Nilifurahi. Sikutaka aingie kaburini na uchafu wa kazi mkononi.

Nilipotoka, Bi Mwanacha alikuwa pale pale. "Umeona nini?"

"Nimemsitiri, mama," nikamjibu.

Akazikwa kabla ya alasiri.

Haukupita mwaka, akaletwa mtu wa mashine ya kusaga mahindi, kafa ghafla. Ndugu zake walikuwa wakaidi kuliko wajomba wa Amade. Walikataa karatasi, wakakataa kuzika, wakaleta barafu wenyewe na kukaa nje ya mlango wangu mpaka daktari wa sheria alipofika kutoka Pemba. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani, sauti ndogo. Kabla hajaanza nilitaka kumwandalia maiti, nikaona kiganjani doa lile lile. Nikachukua kumbi. Alinishika mkono.

"Não, tio Selemane. Usiguse hapo."

"Ni uchafu tu, doutora."

"Si uchafu. Umeme umeingilia hapa." Akaniinamisha nitazame, akanionyesha ukingo ulioinuka na katikati palipoungua. Akanieleza kwamba pengine mtu aliyepigwa umeme hana alama nyingine yoyote, na ndiyo maana mwili hutazamwa mkavu, kabla maji hayajaugusa. Kisha akauliza, "Umepata kuona nyingine ya namna hii?"

Nikasema hapana.

Nilisema uongo, na nilijua ni uongo wakati ulimi bado unatamka. Usingizi ulinipotea kwa siku nyingi. Nilijiambia kwamba mwosha hasemi, kwamba Amade amekwisha kuoza, kwamba kusema kutamwumiza mama yake bure. Ukitaka kuficha woga wako, ufunike kwa dini, hakuna atakayeufunua. Mimi niliufunika hivyo, na nilikuwa nikimkwepa Bi Mwanacha sokoni mpaka nikabadili njia ya kwenda kazini.

Kisha vita vikaja, nasi tukakimbia kama wengine wote. Tuliporudi, madaftari ya hospitali yalikuwa majivu, na mimi nilikuwa nimefikia umri wa kustaafu. Walinipa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Ninaitazama saa hiyo na kufikiri juu ya watu waliokuja mlangoni pangu wakitaka daktari wa pili. Tuliwaita wabishi. Tulisema wanatafuta fedha za kampuni. Wengine labda walitafuta. Lakini wengi walikuwa wanajua jambo moja tusilotaka kulijua sisi wenye mihuri, kwamba aliyemleta maiti si lazima awe na haja ya ukweli, na kwamba maiti hana nafasi ya pili ya kujieleza baada ya kuzikwa.

Mwezi uliopita Bi Mwanacha aliniita kwake. Anakaa Mocímboa sasa, mtaa wa pili kutoka kwangu, na mjukuu wake Zakia, yule binti wa Amade. Nilikuta wazee wawili kutoka Mucojo, wamekuja kwa ajili ya posa ya kijana wao. Kama ilivyo kawaida, walikuwa wanauliza habari za ukoo. Walikuwa wamesikia neno kifafa, na wakaambiwa mimi ndiye niliyemwosha baba wa msichana.

Mkubwa wao alisema kwa adabu, "Mzee Selemane, tunajua mwosha hasemi. Lakini hapa kuna watoto watakaozaliwa."

Zakia alikuwa nyuma ya pazia. Nilikiona kivuli cha miguu yake.

Nikasema. Niliwaambia habari ya povu lisilokuwepo, na doa, na mafuta ya nazi, na kucha zangu. Nikawaambia Amade alikufa kwa umeme wa pampu, na kwamba mimi ndiye niliyekwangua ushahidi nikidhani ninamtendea wema. Bi Mwanacha alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza. Aliweka kikombe chake chini na hakukigusa tena. Nililia, na siwafichi.

Mkubwa wa wale wazee akasema, "Tunakuamini, mzee wetu. Je, ipo karatasi?"

Bi Mwanacha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki. Alikuwa amekimbia nao vita, amevuka nao maji, amelala nao kambini. Ndani yake kulikuwa na karatasi moja ya mwanawe, na kwa kuwa yeye hasomi Kireno aliitunza kama amana. Mzee aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kilisimama kwenye neno epilepsia, yaani kifafa. Akaikunja vile vile ilivyokuwa, akamrudishia kwa mikono miwili, akasema watakwenda kushauriana. Hawajarudi, na sidhani kama watarudi.

Walipoondoka, nilibaki kwenye mkeka nisijue nimwombe vipi radhi mama huyu. Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama siku ile mlangoni. Zakia akatoka nyuma ya pazia, akapiga magoti mbele yangu kwa heshima, kama alivyolelewa.

"Babu, yule daktari mwingine ambaye bibi alimtaka, angefika baada ya muda gani?"

"Siku mbili," nikasema.

"Na barafu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Alitikisa kichwa kidogo, bila hasira. Akakusanya vikombe vya wageni, akaenda kuviosha.