Asilimia za Ng'ombe wa Mama

Nafanya kazi ya ofisi mjini Embu na nimepanga nyumba hukohuko mtaani Dallas, lakini Jumamosi huenda kwa mama, nje kidogo ya Runyenjes, kumsumbua kwa ushauri wa ukulima ambao hajaniomba. Msimu mmoja nilimpelekea gunia la chakula cha ng'ombe wa maziwa. Wakati huo ng'ombe wake alikuwa akitoa lita nane kwa siku. Baada ya wiki chache akafika kumi na mbili.

Nilitoa simu palepale zizini. Kutoka nane hadi kumi na mbili ni nne. Nne nikaigawa kwa nane, nikazidisha kwa mia.

"Mama, maziwa yameongezeka kwa asilimia hamsini!"

"Yameongezeka lita nne," mama akasema, akiendelea kukamua.

Nilimhurumia. Lita nne ni maneno ya mtu wa kawaida. Asilimia hamsini ni maneno ya mtu anayealikwa kuhutubia.

Kwa kuwa hakuna aliyenialika, nilihutubia kikundi cha familia kwenye simu. Kaka yangu mkubwa, anayelima miraa huko Kangeta, akajibu kwamba naye ana ng'ombe, atakuja kujionea. Akakawia. Alipofika, gunia lilikuwa limeisha, mvua imekatika, nyasi zimekauka, na ng'ombe amerudi kwa lita zake nane. Mama alimweleza hayo yote mlangoni, kabla hajapewa hata kiti.

Kaka akanigeukia. "Kwa hivyo zile hamsini zimeenda?"

Nilitoa simu tena. Tulikuwa tumepoteza lita nne kati ya kumi na mbili. Jibu lilipotokea, moyo uliniruka kwa furaha.

"Hazijaenda zote!" nikasema. "Tulipanda kwa asilimia hamsini, tukashuka kwa thelathini na tatu tu. Bado tuko juu kwa kumi na saba!"

Kaka, ambaye ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kama aliwahi kuniangusha.

"Mwanzo zilikuwa lita ngapi?"

"Nane."

"Na sasa?"

"Nane."

"Ni sawa," mama akasema, akichukua sufuria. "Hiyo kumi na saba yako nitaitia kwenye chai yako. Sisi tutakunywa ya maziwa."

Nilidhani ni mzaha mpaka nilipoletewa kikombe cha turungi, nyeusi tii. Niliinywa kwa heshima zote huku nikiwafafanulia kwamba hamsini ilihesabiwa kutoka kwa nane, na thelathini na tatu kutoka kwa kumi na mbili, kwa hivyo ukweli ni kwamba huwezi kutoa moja kutoka kwa nyingine. Nilikuwa nimefika mbali kabla ya kugundua kwamba anayebishana nami ni mimi mwenyewe. Kaka aliniongezea sukari.

Kabla giza halijaingia alinishika mkono, tukaenda kule chini mtoni kumkatia ng'ombe majani ya nepia, mimi na suruali yangu ya ofisi. Alicheka njia nzima. Vinyweleo vya yale majani viliniwasha shingoni hadi Jumatatu kazini, na kila aliyeniuliza mbona najikuna nilimwambia ni sabuni mpya.