Mdogo Wangu Hakai Kings Heath

Mdogo wangu anaishi Amerika. Mimi naishi Kings Heath, huku Uingereza, na hatujaonana ana kwa ana tangu tumzike mama. Lakini miaka yote aliyosomea ualimu kwa mtandao, barua za chuo chake zilianguka mlangoni kwangu. Usinicheke! Kwetu Kenya ukoo mzima ulitumia sanduku la posta la shule alikofundisha baba, na majirani pia, hata fundi baiskeli. Anwani kwetu si mahali unapolala, ni mahali ambapo barua yako haitapotea. Yeye huko huhamahama, mimi sihami, basi alipojiandikisha akajaza anwani yangu. Binti yangu, mzaliwa wa huku, alikuwa akiamini kwamba mama mdogo anakaa chumba cha juu, anajificha tu.

Mchana mmoja niko kazini Tyseley, karakana ya vyuma, simu ikalia.

"Dada, wamenifungia!" Alikuwa analia.

Ulikuwa muhula wake wa mwisho, na usajili ulikuwa unafungwa siku ileile. Chuo kiko jimbo moja, yeye yuko jingine, na majimbo yana makubaliano: chuo cha jimbo hili kinaweza kumsajili mtu anayeishi jimbo lile, mradi yote mawili yamo kwenye makubaliano. Sasa walikuwa wakikagua kila mwanafunzi anaishi wapi, wakamkuta yeye yuko Uingereza! Makubaliano hayo hayavuki bahari. Akikosa muhula huo hapati shahada, na shule iliyomwahidi kazi haitamngoja.

"Wanataka kuongea na mwenye nyumba," akasema. "Lakini dada, tafadhali usiwagombeze."

"Niunganishe!" Damu ilikuwa imeshanichemka.

Mama wa usajili alikuwa na sauti ya upole. Akaniuliza kama ndugu yangu anaishi kwangu.

"Haishi! Laiti angekuwa anaishi! Mswaki wake haupo, kikombe chake hakipo, hata kandambili!"

"Basi kwa nini barua zake zinakuja kwako?"

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nikamfunza. Nikamweleza sanduku la baba, shangazi, fundi baiskeli, wote. Nikamsikia anacheka. Akamwomba mdogo wangu atume picha ya leseni ya udereva na mkataba wa nyumba. Tukangoja. Nilitembea huku na huku kama kuku anayetaka kutaga.

"Jimbo lako limo," mama wa usajili akamwambia. "Nimekufungulia. Umeshasajiliwa."

Wee! Nilipiga vigelegele palepale. Mafundi wakazima mashine wakidhani nimekatwa kidole. Nilifurahi, haki ya Mungu, nilifurahi!

"Kuanzia sasa barua zote zitakuja kwako," yule mama akamwambia mdogo wangu, "na cheti pia."

"Cheti?" nikaropoka. "Na mimi nimeshapigilia msumari wa kukitundika sebuleni!"

Mdogo wangu alicheka na kulia kwa pamoja. "Usiung'oe, dada. Hicho hakipiti posta. Nakileta mwenyewe."

Jioni nilipanda chumba cha juu, nikaondoa maboksi kitandani, nikatandika shuka jipya. Binti yangu akasimama mlangoni, akaniuliza kwa Kiingereza chake ni nani anakuja.

"Yule anayekaa hapa," nikamwambia.