Paa la Mama na Maneno ya Utabiri

Ujumbe wa utabiri uliingia kwenye simu yangu Jumamosi baada ya adhuhuri, nikiwa uani kwa mama, kijijini Munje, nikikata kamba za kufungia makuti. Ulisema kutakuwa na mvua ya kiasi, inayoweza kuwa kubwa katika baadhi ya maeneo ya pwani ya kusini, pamoja na upepo mkali, kuanzia Jumapili alasiri. Wananchi wachukue tahadhari. Niliusoma mara ya pili, hasira zikanipanda. Nimeishi Tanga, Malindi, Nairobi na vyumba vya nyuma ya hoteli za Diani, na kila mahali utabiri husema vivyo hivyo, kama mtu anayekwambia nyumba moja hapa mtaani itaungua, kisha akashika njia yake. Baadhi ya maeneo. Yapi?

Hata hivyo upepo uliutaja waziwazi, na kesho yake ndiyo siku tuliyopanga kuezua paa la mama na kuliezeka upya.

Tangu baba afariki, mama alikuwa amekataa kuhamia kwa kaka yangu, kwenye nyumba ya mabati iliyo ng'ambo ya minazi. Hakutaka, alisema, kuomba ruhusa ya kuteka maji kwenye mtungi wa mkaza mwana. Paa lake likiharibika, atahama. Sote tulilijua hilo, na mimi niliyezoea kurudi na begi moja nikilikuta lile paa la makuti, sikutaka hata kulifikiria.

Kwetu kuezeka ni kazi ya ujima. Unatangaza msikitini baada ya sala ya Ijumaa, majirani wanakuja siku uliyotaja, wanaezua asubuhi, wanakula pilau yako, jioni nyumba ina paa jipya. Kaka alikuwa ameshatangaza. Mbuzi alikuwa ameshafungwa nyuma ya jiko.

"Kaka, tuahirishe," nilimwambia. "Kesho kuna upepo."

Akaichukua simu, akaisoma ameiweka mbali na macho. "Hapa pameandikwa inaweza. Mimi nizunguke nyumba za watu niwaambie msije, mvua inaweza?"

"Wangoje siku mbili tu."

"Ukimwalika mtu kisha ukamrudisha, umemtukana. Lakini wewe utajuaje? Hujakaa mahali mpaka ukaalikwa."

Mama aliuliza kutoka chumbani, "Wamesema Munje?"

"Hawakusema Munje, mama."

"Basi mnagombania nini?"

Asubuhi ya Jumapili mbingu ilikuwa safi. Kaka aliitazama, akanitazama mimi, akaenda zake. Wanaume walikuja, wakampa mama shikamoo dirishani, maana alikataa kutoka chumbani, wakapanda. Niliwasomea ujumbe hata wao. Jirani mmoja akacheka akiwa juu ya boriti.

"Hao wa utabiri wanaijua Kwale ya mlimani kwenye maofisi. Huku hawajafika, hata njia watauliza."

Kufika adhuhuri makuti ya zamani yalikuwa chini yote. Makuti mapya hufungwa kuanzia chini, safu juu ya safu, pande zote mbili kwa pamoja, na kilele hufungwa mwisho. Tulikuwa tumefika nusu chakula kilipoletwa. Simu ikalia tena. Safari hii neno kiasi lilikuwa limeondolewa, limebaki kubwa. Nikainuka kwenye sinia.

"Tumalizeni kwanza. Tutakula baadaye."

"Kaa chini," kaka alisema, bila kupaza sauti. "Unawakatia watu chakula."

Hakuna aliyeinuka. Kwetu mgeni haondoki kwenye sinia kabla mwenyeji hajanawa, na kaka alikula polepole, akimega nyama na kuwasogezea wenzake, akinitazama. Upande wa bahari ulikuwa umeshakuwa mweusi.

Upepo ulitukuta na mikono ya mafuta. Ulibeba makuti yaliyokuwa yamepangwa uani, ukayatawanya mpaka kwenye mihogo. Wanaume walikimbilia nyumba zao, nao wana haki, kila mtu ana paa lake. Mvua iliingia kwa mama kupitia kilele kilichokuwa wazi, ikamwangukia kitandani. Kaka alimbeba mgongoni, mimi nikabeba godoro, na njia nzima tulipigiana kelele.

"Ungesoma ule ujumbe!"

"Niliusoma!"

Na ni kweli aliusoma. Tuliusoma sote wawili, kila mmoja akachukua nusu aliyoipenda. Nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo.

Mama alilala kwa kaka. Mke wa kaka alimpa kanga kavu na uji, akamwita mama kwa upole, na mama akashukuru kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Kulipokucha kaka alisema hawezi kuwaita watu tena bila kuchinja tena, na hana haraka. Mama ana pa kulala sasa.

Nilipoenda kuokota makuti, nilimkuta mama ndani ya nyumba yake. Alikuwa amerudi peke yake, amekaa juu ya kitanda cha kamba kilicholowa, mbingu juu ya kichwa chake. Kaka alifika nyuma yangu akamwambia arudi, ataugua.

"Ni kwangu hapa," mama alisema. "Nendeni mkagombane huko nje."

Nikapanda kuezeka. Nilianzia juu ya chumba chake, vibaya, upande mmoja, kinyume cha desturi. Kaka alisimama chini akiniangalia nikikosea. Hakunipa kamba hata moja, nami sikumwomba.